Swali la Kwanza la Ardhi

Ukitoka Songea kwenda Mbinga mwezi Machi, mvua zikiwa zimeanza kuchoka, utaiona milima ya Umatengo kama mtu ametandaza wavu juu yake. Mteremko mzima umegawanywa miraba, na katikati ya kila mraba pana kivuli cha duara. Basi likikata kona wavu hupotea, likikata nyingine hurudi, na abiria mgeni hugeuza shingo mpaka imuume.

Hizo ndizo ngoro, au ngolu kwa matamshi ya Wamatengo wenyewe. Wanaume huanza kazi kwa kufyeka nyasi na kuziacha zinyauke. Zikikauka hukusanywa na kulazwa kwa mistari, mingine ikishuka na mteremko na mingine ikiukata, hadi shamba ligawanyike katika miraba ambayo upande mmoja ni kama urefu wa mtu mzima aliyelala. Kisha huingia wanawake na majembe. Kila mmoja husimama katikati ya mraba wake, huchimba udongo na kuutupia juu ya nyasi pande zote nne, mpaka nyasi zimefukiwa na katikati limebaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta. Mvua za mwisho zikinyesha, maji hayapati pa kukimbilia. Huingia shimoni, yakatulia, ardhi ikayanywa taratibu, na udongo uliosombwa hubaki chini ya shimo, hatua moja tu kutoka ulipotoka. Nyasi zilizofukiwa huoza zikawa mbolea. Msimu unaofuata ni wa mahindi, na magugu yakipaliliwa hutupwa shimoni. Shamba likija kutengenezwa upya, palipokuwa shimo ndipo hulazwa tuta.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikuja Mbinga miaka ya 1990 kuzichunguza ngoro, na wakajikuta wanaandika pia kuhusu kitu kikubwa zaidi ya shimo: ntambo. Ntambo ni mgongo wa mlima uliokumbatiwa na vijito, unaoshikwa na watu wa ukoo mmoja tangu juu hadi bondeni. Kuna msitu wake, mteremko wake wa ngoro, mahali pa nyumba na kahawa, na maji yake chini. Anayepewa ntambo amekabidhiwa njia nzima ya tone la mvua, kutoka linapodondoka hadi linapoingia kijitoni. Nimesoma vitabu vya upangaji miji ambavyo havijaifikia hekima hiyo.

Nayataja haya kwa sababu ya kazi ambayo kwetu wachache huijua kwa jina lake: ubunifu mandhari. Ni kazi ya mtu anayepanga ardhi iliyo nje ya kuta: bustani za umma, viwanja vya vyuo na hospitali, njia za miguu, mitaro, miti, mahali pa kukaa na mahali pa kupita. Chuo Kikuu Ardhi jijini Dar es Salaam kinaifundisha hadi shahada. Hata hivyo, wenye miradi wengi humwita mhitimu huyo jengo likishamalizika na fedha zikishakwisha, apande maua langoni. Hapo ndipo ninapogombana nao. Kila mapokeo ya kutengeneza ardhi yana swali linaloulizwa kwanza, kabla ya jengo na kabla ya ua, na swali hilo ndilo huamua mengine yote. Nataka kuyaweka mapokeo manne au matano pamoja, nikiwa nimesimama hapa Songea, nione kila moja lilianza kwa kuuliza nini.

Mtu wa fani hii aliyeachiwa miji yetu miwili aichore alikuwa Mkanada, Macklin Hancock. Alizaliwa Nanjing, China, mwaka 1925. Baba yake alikuwa mtaalamu wa mimea aliyefundisha huko, na waliporudi Ontario familia ilianzisha kitalu cha miti. Kijana alikulia kwenye miche. Alikwenda Harvard kusomea ubunifu mandhari, na hakuwa amemaliza alipoitwa kupanga Don Mills, mji mpya pembezoni mwa Toronto, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huko alizipanga nyumba kuzunguka shule, akapitisha njia za miguu ndani ya bustani ili mtoto aende darasani bila kukutana na magari, na akayaacha makorongo ya mto Don na miti yake. Kampuni yake, Project Planning Associates, ilipanga baadaye viwanja vya Chuo Kikuu cha Guelph. Mwaka 1968 ikatoa mpango mkuu wa Dar es Salaam, na mwaka 1976 mpango mkuu wa Dodoma.

Dodoma ndiyo kazi iliyompima. TANU iliamua Oktoba 1973 kuhamishia makao makuu huko, na Mwalimu Nyerere hakutaka mji wa majivuno, wa barabara pana za gwaride na majumba ya kuwatisha wananchi. Alitaka mji utakaofanana na nchi ya vijiji. Hancock na wenzake wakaja na mpango wa vitongoji ambavyo mtu angeweza kuvizunguka kwa miguu, vilivyounganishwa kwa njia za mabasi. Vilima vya mawe na mabonde viliachwa wazi kati yake, na miti ikapewa kazi ya kupunguza upepo na vumbi la nchi kavu. Nikiitazama ramani ile, naona swali lake la kwanza lilihusu mguu: mama mwenye mzigo, mtoto wa shule, mfanyakazi asiye na gari, atatembea umbali gani kabla hajachoka? Ni swali la heshima. Wengi waliotuchorea miji, kabla yake na baada yake, walianza na gari.

Lakini mpango wa Dodoma ulipungukiwa na kitu ambacho ntambo inacho. Mji ulikuwa na mwenye ardhi mmoja, Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, na malalamiko ya wananchi juu ya viwanja yaliendelea kwa miaka mingi hadi Rais Magufuli alipoivunja Mei 2017. Mstari wa kijani kwenye karatasi hukaa pale mchoraji alipouweka. Ardhini hukaa ikiwa tu kuna mtu anayeuita wake.

Fani ya Hancock ina babu yake, Frederick Law Olmsted wa Marekani, aliyezaliwa 1822 na kufariki 1903. Mwaka 1858 yeye na Calvert Vaux walishinda shindano la kubuni Central Park ya New York. Leo bustani hiyo ina hekta 341 katikati ya mji wenye ardhi ghali kuliko dhahabu. Olmsted alianza na jicho na pumzi. Aliamini kwamba mtu aliyebanwa na mji akipewa upeo mpana wa nyasi na miti, moyo wake hupoa, na kwamba tajiri na maskini wakipita njia moja chini ya miti ileile watazoeana. Imani hiyo ya pili naiheshimu kuliko ya kwanza. Kivuli kisichouliza jina la ukoo wako ni jambo jipya katika historia ya binadamu, na ntambo haijapata kulitoa.

Pia kuna deni ndani yake ambalo sitalipita kimya. Ili ardhi ya Central Park ipatikane, watu wapatao 225 wa Seneca Village, wengi wao Wamarekani weusi wenye nyumba, makanisa na makaburi yao, waliondolewa mwaka 1857. Nilipolisoma hilo niliwakumbuka Wamatengo. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba walibanana milimani katika karne ya 19 wakiwakimbia Wangoni, na kwamba kubanana huko katika miteremko mikali ndiko kulikoifanya ngoro iwe ya lazima. Basi bustani ile ya New York imekaa juu ya watu waliofukuzwa, na wavu huu wa Mbinga ulisukwa na watu waliofukuzwa. Vyote viwili tunavisifia uzuri.

Ningekuwa nimemtendea Olmsted isivyo haki kama ningeishia kwenye jicho. Mwishoni mwa miaka ya 1870 mji wa Boston ulimwita kwa sababu ya tope. Bonde la Back Bay lilikuwa limejaa maji machafu, mto ukifurika na bahari ikipwa na kujaa humo, na harufu ikiingia madirishani. Hapo hakuchora uwanja wa nyasi. Alilirudisha bonde liwe kinamasi cha maji ya chumvi, chenye mimea yake, chenye nafasi ya kupokea mafuriko na kuyaachia polepole. Watu walikiona kinamasi wakadhani ni maumbile yaliyookolewa; kumbe kila mkunjo wa kijito ulikuwa umepimwa. Mwaka 1910 bwawa lilijengwa kwenye mto Charles, chumvi ikakatika, na mimea ile ikafa. Mkulima wa Mbinga angeuelewa msiba huo bila mkalimani: mtu wa chini amebadilisha njia ya maji, na shamba la mtu wa juu limekufa.

Tena kuna Stanford. Leland Stanford alipotaka kujenga chuo kikuu California kwa kumbukumbu ya mwanawe, alimwita Olmsted mwaka 1886. Tajiri alitaka majengo tambarare; Olmsted alitaka vilimani, akashindwa. Lakini alishinda katika jambo jingine. Alimwambia kwamba nyasi za kijani za Uingereza hazina kazi katika nchi inayokaa nusu mwaka bila mvua, na kwamba waangalie nchi za Mediterania, kwenye nyua zilizotandikwa mawe, vibaraza vyenye kivuli na miti michache iliyochaguliwa. Songea nayo hukaa hivyo, Mei hadi Novemba bila mvua ya maana. Hata hivyo naona bado tunapanda ukoka mbele ya ofisi na kuumwagilia kwa mpira mwezi Septemba, wakati miombo ng'ambo ya barabara inatoa majani mekundu bila kumwomba mtu ndoo moja.

Kilomita 24 magharibi ya mji wa Songea kuna mapokeo mengine. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien walifika Peramiho mwaka 1898. Misheni yao ilichomwa katika Vita vya Majimaji, mwaka 1905, wakajenga tena, na mwaka 1931 ikawa abasia. Anayeingia Peramiho mara ya kwanza huona kanisa kubwa. Mimi huona mpangilio. Hospitali, karakana, shule, bustani ya mboga, miti ya matunda, vyote vimekaa kwa umbali ambao mtu anaweza kuufikia kengele ikilia, na kurudi kengele ikilia tena. Swali la kwanza la wamonaki ni saa: siku ya mtu inagawanyikaje kati ya sala na kazi? Ardhi inafuata jibu hilo.

Wabenediktini wana mchoro wa kale, ramani ya abasia iliyochorwa karibu miaka 1,200 iliyopita na kuhifadhiwa Sankt Gallen, Uswisi. Sisemi kwamba Peramiho iliinakili. Lakini ndani yake kuna kitu nisichoweza kukisahau. Mahali pa makaburi ya wamonaki ndipo palipo bustani ya matunda. Kati ya safu za makaburi mchoraji ameandika majina ya miti: mtufaha, mpea, mforosadi, mlozi na mingineyo. Walio hai wangekula matunda juu ya waliolala. Aliyebuni hivyo hakuona kifo na chakula kuwa idara mbili.

Mchoro huo hunirudisha mjini, hadi viwanja vya Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, mahali pa Songea ninapokwenda ninapotaka kukaa kimya. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa Songea viongozi na wapiganaji wa Kingoni, akiwemo Nkosi Mputa Gama, na wengi wao wakazikwa katika kaburi moja la pamoja. Nduna Songea Mbano, aliyeuachia mji jina lake, ana kaburi lake peke yake. Kila Februari watu hukusanyika, ngoma ya lizombe huchezwa, na majina husomwa. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama mahali hapa mbele ya wajukuu na vitukuu wa waliouawa, akaomba msamaha.

Swali la kwanza la uwanja huu ni jina. Nani yuko hapa chini? Hakuna mbunifu anayeweza kulitanguliza lingine, na asijaribu. Lakini nikikaa pale Februari, mvua zikiwa bado zinanyesha, huwa nawaza juu ya neno lenyewe lililowapeleka vitani. Maji. Watu wa makabila yaliyokuwa yakishambuliana waliunganishwa na imani ya maji, na baada ya vita njaa iliyotokana na mashamba kuchomwa iliua wengi kuliko risasi. Mahali pa ukumbusho wa vita vyenye jina hilo, maji ya paa na ya uwanja yangestahili kuonekana. Yasifichwe kwenye bomba chini ya zege. Ningependa yapite wazi katika mfereji wa mawe hadi kwenye mashimo yenye miti ya matunda ya kwetu, misuku na mibula, ili mtoto aliyekuja na shule yake kusikia habari za kunyongwa aondoke na masuku mkononi. Hapo Sankt Gallen, Mbinga na Songea vingekuwa vimekutana, na hakuna aliyemwiga mwenzake.

Najua kuna hatari ya kuipamba ngoro. Ni kazi nzito, na sehemu kubwa ya uzito wake huwaangukia wanawake. Ni ya ukoo, wala haina la kusema kuhusu mpita njia. Mteremko wa ngoro hauna benchi. Na Songea ya leo ni mji wa wapita njia: Wangoni, Wamatengo, Wayao, Wandendeule, Wanyasa, Wabena, wanafunzi wa vyuo, madereva wa malori ya mahindi na wafanyakazi waliohamishiwa kutoka Mwanza. Wote hawa hawawezi kugawiwa ntambo. Wanahitaji alichokitaka Olmsted, kivuli kisichouliza ukoo, na alichokitaka Hancock, umbali ambao mguu unauweza. Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaosema turudi kwa mababu, tukafunga vitabu. Mababu hawakuwa na mji wenye watu wasiojuana.

Na bustani ya watu wasiojuana ina adui wake. Nairobi ililijua hilo mwaka 1989, Wangari Maathai aliposimama kupinga jengo la ghorofa 60 lisipandikizwe ndani ya Uhuru Park. Alitukanwa bungeni, na bustani ikabaki. Aliyeichora wachache wanamkumbuka, aliyeitetea hawamsahau.

Narudi kwenye viwanja vya shule na vyuo, kwa kuwa hapo ndipo Songea inajenga zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, na kilipohamia Mlimani mwaka 1964 kilipata bahati ya ardhi yenye migongo na mabonde ambayo haikusawazishwa yote. Majengo yalikwenda na mgongo, mabonde yakabaki na miti. Vizazi vya wasomi wetu vimetembea katika ubunifu mandhari mzuri bila kulijua jina lake.

Shule niliyosoma mimi haikupata bahati hiyo. Kabla ya ujenzi greda lilipita, likang'oa kila msuku, likasawazisha mteremko mpaka ukawa kama meza. Mikaratusi ikapandwa kwa safu, na uwanja wote uliobaki ukafagiliwa kila asubuhi na sisi wanafunzi hadi udongo ukawa mgumu kama sakafu. Usafi, tuliambiwa. Mwaka wa pili mvua ya Januari ilichonga mfereji kutoka jikoni hadi darasa la Kidato cha Kwanza. Mwaka wa tatu mfereji huo ulikuwa korongo la kiunoni. Tulilijaza mawe kwa adhabu. Mawe yalisombwa. Mwenzetu mmoja kutoka Mbinga alisema, mbele ya wote, kwamba kwao mteremko kama ule hauachwi uchi namna hiyo. Tukamcheka.

Leo, kama ningepewa uwanja wa shule au chuo chini ya Matogoro, milima ambayo mto Ruvuma unaanzia, nisingekwenda na karatasi siku ya kwanza. Ningengoja Desemba, mvua kubwa ya kwanza ya msimu, nikamwomba mama mmoja wa Kimatengo aliyelima ngoro maisha yake yote aje tusimame naye mlimani wakati inanyesha. Ningemwamkia, nikamwuliza maji yanatokea wapi, yanapata nguvu wapi, yatachoka wapi. Nina hakika asingejibu kwa maneno mengi. Angeshuka na jembe lake begani, akapiga pigo moja hapa, jingine pale, penye mti angeniambia uachwe, na penye njia ya wanafunzi angeniuliza mwenyewe ni wangapi wanapita na wanakwenda wapi, kwa sababu hilo halikuwa katika ntambo yake na angetaka kulijua. Ningelijibu kwa hesabu za Hancock. Tungelowa wote wawili, na karatasi ingebaki ndani ya gari hadi kesho yake.